Sketi ya Hatua Kumi na Mbili

Udongo ulikuwa kwenye pindo. Udongo mwekundu, mbichi, wa kukwaruzwa kwa ukucha, na Hafidha akaukwaruza, akaunusa, akajifuta kidole kwenye kanga. Sketi ilikuwa inaning'inia palepale alipoiacha jana jioni, kwenye msumari, mbali kabisa na sakafu. Sakafu yenyewe ni ya saruji. Na tangu ishonwe haikuwa imevaliwa na mtu, maana hata mkanda wa kiuno ilikuwa bado haijatiwa.

Binadamu akikutana na jambo asiloliweza hutafuta kwanza wa kumlaumu. Hafidha aliwalaumu panya. Ni kweli panya wa Mwembesongo wana mengi ya kujibu, lakini hajazaliwa panya wa kuparamia ukuta na tope miguuni, akalipaka pindo mzunguko mzima bila kuruka hata inchi moja. Basi akamlaumu Pendo.

"Uliivaa sketi jana ukaenda nayo wapi?"

"Mimi?" Pendo alikuwa mlangoni anapiga mswaki. "Dada Hafidha, usinizingue asubuhi yote hii. Ufunguo unalala nao wewe kiunoni. Mimi ningepita wapi, tundu la kitasa?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Pendo alitoka mashamba ya miwa miaka sita iliyopita, akapanga chumba cha nyuma ya karakana ya Hafidha, na tangu hapo wawili hao waligawana jiko, sabuni na siri. Mmoja anashona, mwingine anacheza ngoma kwenye kikundi cha Kihonda. Hawakuwa ndugu, ila ukimgusa mmoja umemkuta mwenzake. Hafidha akaipiga brashi sketi, udongo ukatoka, akajikaza kusahau.

Sketi hiyo ilianzia kwenye kopo la rangi. Mwezi uliotangulia Mwalimu Laurenti, anayefundisha sanaa katika shule moja ya Kihonda, alikuja kupunguza suruali, mkononi kashika kopo tupu lililochanwa nyufa kumi na mbili ubavuni na kupachikwa juu ya msumari ili lizunguke. Ndani alikuwa amebandika ukanda wa karatasi wenye picha kumi na mbili za kuku.

"Chungulia kwenye ufa," alisema, akalizungusha.

Hafidha akachungulia. Kuku akadonoa, akainua kichwa, akadonoa tena. Kuku wa penseli!

"Kabla ya sinema, watu walikuwa wanatazama hivi," alisema Laurenti kwa furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi. "Kila picha ni kitendo kimoja. Macho yako ndiyo yanayoviunganisha."

"Na picha ya mwisho?"

"Inarudi kwenye ya kwanza. Ndiyo maana huyu kuku hashibi."

Hafidha alicheka, lakini wazo lilishamwingia. Sketi pana ya duara si kopo? Mwenye kuivaa akizunguka, picha za pindoni zitazunguka. Na nyufa je? Aliinua macho. Fundi umeme mmoja asiyejua kazi alikuwa ameweka taa ya karakana juu ya pangaboi badala ya chini yake, na kwa miaka minne mwanga wa chumba kile ulikuwa ukikatwakatwa na mapanga ya feni mpaka macho yanauma. Mwanga wa kukatikakatika, ndizo nyufa zenyewe. Kumbe kosa la fundi mmoja ni riziki ya fundi mwingine! Jumamosi ya mwisho wa mwezi kulikuwa na onyesho la wabunifu wa mavazi pale mjini, na Hafidha, aliyeshona sare za shule miaka kumi na moja, alitamani kwa moyo wote siku moja ashone kitu ambacho watu watauliza kimeshonwa na nani.

Ikabaki kupata mchezo wenye hatua za kuchorwa. Kwa hilo alijua pa kwenda: Mlali, kwa bibi yake mzaa mama, Bi Pili.

Bi Pili alikuwa bibi wa maneno machache na kigoda kimoja. Hafidha hakumbuki kumwona bila kigoda hicho. Akienda kisimani anacho kwapani, akienda shambani anacho, akitembea kidogo anakiweka chini anakaa, halafu anaendelea. Watoto wa ukoo walikuwa wakimcheka kwa kificho, wakasema bibi amezaliwa amechoka. Na ni yeye peke yake aliyebaki akiujua mchezo wa mavuno, unaochezwa na mtu mmoja, kwa ajili ya yule ambaye ukoo humwita Mgeni na haumwiti vinginevyo.

"Nitakuchezea," alisema Bi Pili. "Ila ukinianza, unimalize. Usije ukaniacha nimesimama."

Hafidha akadhani bibi anazungumzia magoti. Bi Pili akafunga njuga vifundoni, akacheza polepole, kila hatua akiishikilia ili simu ipige picha. Hatua kumi na mbili. Ya kumi na tatu akaketi juu ya kigoda, akafumba macho, akanong'ona, "Pumzika, mgeni wetu." Hafidha akazipiga picha zote kumi na tatu.

Sasa sikiliza kosa lilivyofanyika, maana fundi mbovu asingelifanya. Hafidha alikata vivuli vya mchezaji kwenye kaniki nyeusi, akavipanga juu ya kitambaa cheupe cha pamba, akavijaribu kwanza kwenye kopo alilomwachia Laurenti. Mchezaji alicheza vizuri mpaka alipoketi. Hapo picha ilirudi mwanzo, naye akaruka juu kama aliyekalia kaa la moto. Ikachukiza. Hafidha akakitoa kivuli cha kumi na tatu, akavipanga kumi na viwili peke yake, akazungusha. Ah! Mchezaji alizunguka bila kukwama, bila mwanzo, bila mwisho. Akavishona hivyo. Na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, picha ya Bi Pili akiwa ameketi akaifuta.

Udongo ulionekana Jumanne. Jumatano, saa saba mchana, wakati ambao wazee hukataza watoto kutoka nje kwa sababu si watu peke yao wanaopita, Hafidha alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano. Mtaa umenyamaza, wanaume wako msikitini, akina mama wamejilaza. Akasikia njuga. Mlio mmoja tu, kama mtu aliyekanyaga akakumbuka kuwa hatakiwi kusikika. Kisha ikaja harufu, udi na udongo uliolowa mvua, ilhali mvua haijanyesha wiki tatu.

Sketi ilikuwa imetulia. Lakini kwenye pindo kulikuwa na alama ndogo ya pasi, alipounguza kwa bahati mbaya siku ya kwanza, na juu ya alama ile alikuwa ameshona kivuli chenye mkono wa kulia juu. Sasa mkono ulikuwa chini na mguu umetangulia. Akakimbilia kivuli cha pili, cha tatu, akafungua picha za Bi Pili kwenye simu akalinganisha kimoja kimoja. Mishono haikufumuka. Alama ya pasi ipo palepale. Ila kila kivuli kilikuwa kimepiga hatua moja mbele.

Hapo ndipo angepaswa kumwambia Pendo. Hakumwambia. Onyesho lilikuwa limebakiza siku tatu, na tamaa ina mdomo mtamu: ilimwambia kwamba amechoka, kwamba alichanganya vivuli tangu mwanzo, kwamba Pendo akiogopa hakuna mwingine wa kuivaa. Hafidha akatia mkanda wa kiuno.

Alhamisi wakafanya jaribio. Laurenti alikuja mchana, katika nafasi ya chakula, akasimama kwenye kona na simu yake ili arekodi. Walifunga mapazia, wakawasha taa na pangaboi. Pendo akaivaa sketi, ikamkaa.

"Shosti, mbona nzito hivi?" aliuliza. "Utadhani kuna mtu ameshika chini."

"Ni pindo hilo. Zunguka."

Pendo akazunguka. Mara ya kwanza ilikuwa ukungu wa nyeusi na nyeupe, mara ya pili sketi ikafunguka, na ya tatu, chini ya mwanga ule wa kukatikakatika, wachezaji wakainuka pindoni na kucheza, mkono juu, mkono chini, mguu mbele, bega, bega, na Laurenti akapiga kelele za furaha, na Hafidha machozi yakamtoka kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko alivyoiota.

"Basi, Pendo! Inatosha!"

Pendo hakusimama. Alizunguka akiwa na tabasamu lile la jukwaani, kisha tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yameshaondoka humo, na harufu ya udi ikapanda kutoka sakafuni, na njuga zikaanza kulia ingawa Pendo alikuwa peku na hana hata uzi mguuni, na Laurenti akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie asimame," na umeme ukakatika. Taa ikazimika, pangaboi likapunguza mwendo, likajikokota, likasimama, na katika kiza kile cha mapazia, ambamo macho ya binadamu hayakupaswa kuona chochote, wale wachezaji weusi waliendelea kucheza, wakionekana waziwazi juu ya weupe wa sketi, mkono juu, mkono chini, mguu mbele, na sasa kila mmoja alikuwa amegeuza uso kumtazama Hafidha.

"Dada Hafidha," Pendo alinong'ona, akipita, akirudi, akipita. "Nishike. Siyo mimi ninayezunguka."

Hafidha akamrukia, akatupwa ukutani. Laurenti akamshika kiuno, akaburutwa naye mizunguko miwili mizima, miwani ikamdondoka, na ni hapo Hafidha alipotambaa kwa magoti chini ya lile pindo, akaupata mkasi chini ya meza, akakata mkanda wa kiuno. Sketi ikaanguka. Pendo naye akaanguka, chali, macho wazi.

Miguu yake haikuanguka. Iliendelea kukanyaga hewani, hatua kumi na mbili, ikarudia, hatua kumi na mbili.

Ijumaa ilikuwa ya hospitali. Daktari mmoja mpole alimchoma sindano ya usingizi. Pendo akalala, miguu haikulala. Ngozi ya visigino ikachubuka kwenye shuka. Hakuweza kula, maana kila kijiko kilimwagika, na kufikia jioni midomo ilikuwa imekauka na mbavu zinahesabika.

"Nitakufa, eti?" alimuuliza Hafidha, polepole, asiwaamshe wagonjwa wengine. "Mwenzio moyo unakimbia. Hauna pa kupumzikia."

Hafidha akalia, akamweleza yote, udongo, alama ya pasi, picha aliyoifuta. Pendo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia," alisema, basi. Hafidha angefurahi zaidi kama angepigwa kofi.

Jumamosi, watu wa mitindo wakiwa wanapanga viti ukumbini, bajaji ilipanda barabara ya Mlali ikiwa na Laurenti mbele pamoja na dereva, Hafidha nyuma amemkumbatia Pendo miguu, na sketi imefungwa ndani ya kanga. Bi Pili alikuwa kibarazani, amesimama. Hafidha alishtuka kumwona amesimama tu, bila kigoda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Tangu Alhamisi mchana siisikii njuga yangu," alisema Bi Pili. "Nikajua kuna mtu amemwita Mgeni. Ulinimaliza, mjukuu wangu, au uliniacha nimesimama?"

Hafidha akapiga magoti.

"Miaka hamsini nimemchukua mwilini mwangu," Bi Pili aliendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililotisha. "Mgeni wetu hana ubaya akipewa kiti. Anacheza hatua zake kumi na mbili, anakalishwa, anatulia. Mimi ndiye niliyemkalisha. Nikitembea, naye anatembea. Zikifika kumi na mbili, nakaa, anapumzika. Sasa wewe umemshonea njia isiyo na mwisho wala kiti. Atacheza mpaka mwili wa huyu binti uishe, halafu atatafuta mwingine."

Laurenti, Mkristo wa watu aliyekuja na rozari mfukoni, aliuliza kwa unyonge, "Bibi, tuichome?"

"Uchome nyumba mgeni akiwa ndani? Akitoka hapo atakuja kwa adabu?" Bi Pili akamgeukia Hafidha. "Duara likatwe. Kitiwe kipande cha kumi na tatu, na ndani yake awepo aliyeketi. Siyo mimi. Mimi nilishaketi, ukanifuta. Aliyekata ndiye atakayeshona, na atakayeketi ndiye atakayemchukua. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa."

Miguu ya Pendo ilikuwa inapiga mkeka. Midomo yake ilisogea, na Hafidha akaisoma: usikubali.

Hafidha akakivuta kigoda cha bibi kilichoachwa ukutani, akaketi.

Laurenti alimchora kwa chaki kwenye kipande cha kaniki, haraka haraka mpaka bega la kushoto likatoka juu kuliko la kulia. Hafidha akakata kivuli chake mwenyewe. Akalifumua duara kati ya hatua ya kumi na mbili na ya kwanza, na alipoanza kushona kwa mkono mishono ilikuwa ikifumuka nyuma ya sindano, naye anarudi anashona, inafumuka, anarudi, damu ya kidole inaingia kwenye pamba, njuga zinalia kuzunguka kibaraza jua likiwa kali na hakuna kivuli cha mtu, mara nyuma yake, mara sikioni, mara chini ya kigoda chenyewe, mpaka akafika mshono wa mwisho, akakata uzi kwa meno na kusema, "Pumzika, mgeni wetu."

Njuga zikanyamaza. Pendo akavuta pumzi ndefu, miguu ikalala juu ya mkeka, akalala usingizi palepale. Kitu kizito, chenye joto, kikaketi juu ya mapaja ya Hafidha, kikatulia.

"Kigoda ni chako," alisema Bi Pili. "Usikiache. Hakai chini, mgeni gani anakalishwa chini? Viti vingine havitambui. Ila mgongo wa mtu anaujua, na akishaukalia, mtu huyo ndiye kiti chake." Kisha bibi akashuka kibarazani, akapita banda la kuku, akapita migomba, akaenda moja kwa moja hadi kisimani bila kusimama. Walimsikia huko akicheka peke yake kama msichana.

Mwezi umepita. Sketi iko ndani ya sanduku la Bi Pili. Pendo amepona, anacheza tena, amenenepa hata. Hafidha anashona sare, na kazi ya cherehani ni ya kukaa, kwa hiyo wateja hawakugundua kitu isipokuwa kigoda anachokibeba kwapani hata akienda chooni. Wanamtania: fundi umezeeka? Naye anacheka nao. Anazijua hatua za mtaa wake wote. Kutoka mlangoni hadi bombani ni kumi na tisa, kigoda kikiwekwa katikati mambo yanakuwa mazuri.

Jana, saa saba mchana, kulikuwa na msiba mtaa wa tatu. Vijana walipita nyumba kwa nyumba kukusanya viti, kama ilivyo desturi, na Pendo, aliyekuwa akifagia, akawapa viti viwili vya plastiki na benchi. Wakati huo Hafidha alikuwa amesimama ndani akipima kitambaa, kigoda amekiacha nje uwanjani kwa kusahau. Akatoka kukifuata, huku anamwambia mteja jambo, akavuka kizingiti, akateremka ngazi, na alikuwa katikati ya uwanja alipotambua kwamba mkono wake unapapasa hewa.

"Pendo. Kigoda kiko wapi?"

Ufagio ukaanguka. "Wamechukua na... Dada, sikuwaona! Mimi niliwapa viti tu!"

Hafidha alisimama. Lakini kusimama si kukaa, na mguu wake wa kulia ukajiinua wenyewe. Tisa. Harufu ya udi ikapanda. Kumi.

Pendo, aliyeshaelezwa maneno yote ya Bi Pili, alielewa haraka kuliko mtu yeyote. Alikuja mbio, akajitupa chini kwa mikono na magoti mbele ya Hafidha, akauinamisha mgongo.

"Nikalie mimi! Kaa, dada, kaa upesi!"

Kumi na moja. Mgongo ulikuwa pale, mpana, wa karibu, na kile kizito kilikuwa tayari kinamvuta chini kuuelekea kwa furaha. Hafidha aliutazama. Akayakumbuka yale macho ya Pendo ya Alhamisi, yakipita, yakirudi.

"Inuka," alisema. "Nenda msibani ukalete kigoda. Usinitazame. Kimbia, Pendo!"

Pendo akakimbia, analia. Mteja alitoka mlangoni na kitambaa chake mkononi, akamkuta fundi katikati ya uwanja, jua la utosi, ameinua mkono wa kulia. Njuga zikalia hatua ya kumi na mbili. Hafidha akapazunguka mahali Pendo alipokuwa ameinama, na badala ya kuketi akapiga hatua ya kumi na tatu.